Friji ya Jirani Kwenye Spika Zangu

Jumamosi, 13 Oktoba 2007

Nimesogeza spika tena. Mara ya nne wiki hii. Zilikuwa zimebanana na ukuta, besi inavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Sasa ziko futi mbili mbele. Sebuleni imebaki njia ya mtu mmoja, tena kwa ubavu. Rispa atanuna akija. Mke wangu anapakia maua Naivasha wiki tatu mfululizo, akirudi nyumbani anakuta kochi limehama. Namwelewa. Silirudishi.

Kile kitufe cha kuongeza besi nimekizima kabisa. Nusu ya mtaa huu wanadhani muziki mzuri ni ule unaotikisa vikombe kabatini.

Zakayo amepita baada ya kufunga kibanda chake cha kushonea nguo. Ndani ya ploti hii tuko sisi wawili tu: nyumba mbili, geti moja, ukuta mmoja kati yetu, meta moja ya stima. Anaimba sauti ya tatu kanisani kwao na ana sikio zuri kuliko mimi. Hilo naliandika hapa kwa sababu mbele yake halitoki. Amesikiliza wimbo mzima, mikono juu ya magoti. Kisha: "Imetulia, Jose. Lakini huyu dada anaimba akiwa wapi?"

Sikumwelewa. Imeniudhi hadi sasa.

Jumapili, 21 Oktoba 2007

Waya. Miezi minane nimeishi na waya zilizopishana nyuma ya spika ya kulia, mwekundu mahali pa mweusi. Spika moja ikisukuma, nyingine inavuta, zinauana sauti. Ni Zakayo aliyeinama na tochi ya simu akaziona. Mimi niliyesoma kile kitabu cha maelekezo mara tatu sikuziona. Aibu.

Tumezigeuza. Nikaketi. Yule dada akasimama katikati ya sebule, kati ya spika mbili, mahali ambapo hakuna kitu ila simenti. Ungeweza kumnyooshea kidole.

Ni mahali pamoja tu unapoweza kusikia hivyo. Ukisogea kidogo kulia, dada anakimbilia kulia. Basi tumeweka kiti kimoja na tunapeana zamu, wimbo mmoja yeye, wimbo mmoja mimi. Watu wazima wawili. Mama Ruthi, mke wake, amechungulia mlangoni akatutazama, akaenda zake.

Jumamosi, 10 Novemba 2007

Leo ni mafaili. Nyimbo zangu karibu zote zilinakiliwa kwa kompyuta za saiba, na nilipozipeleka nilisema maneno ya kijinga: zibaneni faili ziwe ndogo ziingie zote kwenye CD moja. Wakazibana. Kinachokatwa ni vitu vidogo. Pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Kidole kikiteleza kwenye uzi wa gita. Matoazi yanabaki kama mafuta yanayokaanga kitu. Na kilichokatwa hakirudi hata ukinunua spika za ikulu.

Nimeanza kunakili upya kutoka CD zenyewe, bila kubana. Kompyuta ni ile kuukuu niliyopewa na ghala la mahindi ninakofanya kazi, walipoleta mpya. Inafanya kazi wimbo mmoja kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Rispa kwenye simu: "Kwa hivyo ulikuwa na nyimbo mia nne, sasa uko na arobaini, na unaita hiyo maendeleo."

Ndiyo. Naita maendeleo.

Zakayo ameleta blanketi la kutundika ukuta wa nyuma ili sauti isigonge na kurudi. Amelishona kwa vipande vya sare za shule vilivyobaki, tabaka tatu. Kijani, buluu, maruni. Baya sana kutazama. Nimelitundika na sebule nzima imetulia.

Jumatano, 21 Novemba 2007

Kuna tak.

Si kwenye wimbo. Nimejaribu CD tano. Inakuja kila baada ya dakika ishirini hivi, spika zote mbili, tak moja kavu. Kwanza nilidhani ni spika inapasuka. Kisha ni kompyuta. Nimezungukia kila soketi humu ndani nikizima moja moja hadi taa.

Ni friji ya Mama Ruthi. Ile anayouzia maziwa baridi. Kila inapoanza kunguruma, mshtuko unapita kwenye waya, unafika kwenye meta yetu moja, unarudi kwangu na kutokea kwenye spika. Tumehakikisha na Zakayo: yeye kwake anachomoa na kuchomeka, mimi kwangu nimeketi kitini, tunaitana kupitia ukuta. "Sasa?" Tak. "Na sasa?" Tak.

Dawa sijaipata. Lakini Mama Ruthi mwenyewe amesema, Jumapili saa nane hadi saa kumi atakuwa anaizima, mradi mtu asiifungue mlango. Maziwa hayawezi kuharibika kwa saa mbili. Amesema akicheka: "Baba Neema, hata friji yangu lazima iende ibada yako?"

Watu wema. Nilisema asante mara mbili.

Alhamisi, 27 Desemba 2007

Nimepiga kura. Foleni tangu alfajiri. Zakayo alikuwa watu sita mbele yangu. Tuliongea habari ya mvua. Hakuniuliza, sikumuuliza.

Jumatatu, 31 Desemba 2007

Matokeo yametangazwa jana. Mtaa hauongei. Maduka yamefungwa. Rispa hawezi kutoka Naivasha na binti yetu Neema ameenda kwake, nimewaambia wakae huko huko.

Jana Jumapili Zakayo hakuja. Saa nane na nusu, tak. Saa tisa kasoro, tak. Hawakuzima friji. Sikuwalaumu. Lakini nilizisikia zote.

Ijumaa, 25 Januari 2008

Stima imepotea tangu saa tatu asubuhi. Ghala halikufunguliwa.

Kama saa sita kelele zilianza upande wa barabarani. Vijana wanapita ploti kwa ploti wakiuliza nani anakaa wapi na anaitwa nani, yaani ni kabila gani. Jina wanalotafuta leo si langu. Ni la mtu kama Zakayo. Kwingineko hapa hapa Nakuru mjini wanatafuta watu kama mimi.

Walinibishia mlango. Si wale vijana. Zakayo. Namjua kwa kubisha kwake: mara mbili, anangoja, mara moja. Mama Ruthi akasema, "Baba Neema, tufungulie." Hakupaza sauti. Ruthi, mtoto wao, alikuwa analia amejiziba mdomo. Nilisikia hata kiganja chake.

Nilikuwa upande wa pili wa mlango. Mkono ulikuwa juu ya komeo. Niliona wakikutwa kwangu. Niliona nyumba ikiwaka. Niliona mambo mengi kwa muda mfupi. Sikuvuta komeo.

Wakabisha tena. Kisha miguu ikakimbilia ukuta wa nyuma. Bati. Jiwe. Mtu akasema "ai", kidogo tu. Kisha vijana wakawa ndani ya ploti, kioo cha dirisha la Zakayo kikavunjika, halafu milio ya bunduki za polisi barabarani na wote wakatawanyika.

Nimesikia kila kitu. Sebule ilikuwa kimya kabisa.

Jumamosi, 26 Januari 2008

Moshi upande wa chini. Sijatoka.

Mwenye ploti amekuja na askari, amepigilia mbao dirishani kwa Zakayo, ametia kufuli jipya. Ameniuliza wameenda wapi. Sijui. Kweli sijui.

Nimekula mkate mkavu.

Jumatano, 30 Januari 2008

Stima imerudi jana.

Zakayo amepiga simu leo kwa namba ya mtu mwingine. Wako uwanja wa maonyesho, chini ya turubai, na maelfu ya watu. Wote watatu wako hai. Jiwe lilimpata yeye Zakayo sikio la kulia akimpandisha Ruthi ukutani. Linavuja maji.

Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyeanza. Nikasema siku ile nilikuwa nimefungulia muziki, kwa sauti ya juu, sikusikia mtu akibisha.

Alinyamaza. Kisha: "Sawa, Baba Neema."

Siku zote ananiita Jose.

Nilipoweka simu chini nikawasha muziki, angalau uongo wangu uwe na kitu cha kushikilia. Wimbo wa pili katikati: tak. Nyumba imefungwa kwa kufuli, hakuna mtu, friji bado imechomekwa. Nimekaa nikiitazama spika.

Jumapili, 10 Februari 2008

Rispa yuko nyumbani. Ameniuliza ilivyokuwa na nimemwambia vile vile: muziki. Ameamini upesi. Ameenda kanisani akawaambia wenzake, na wao wameamini. Mtaa mzima unanijua kwa muziki wangu. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema, "Pole sana. Hiyo redio yako siku moja itakuua wewe mwenyewe." Wakacheka kidogo, kwa huruma. Nikacheka nao. Najichukia.

Mchana nimefanya kazi. Nimekata mpira wa tairi vipande vinane, nimeviweka chini ya spika, nne kwa nne, ili sakafu isitetemeke nazo. Nimepandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho na kushusha ya sistimu, ile mashine inayosukuma spika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mvumo unapungua. Kweli umepungua. Besi imekauka vizuri, kila noti peke yake.

Saa nane na dakika kumi, tak.

Ningeweza kuizima laini yao kule kwenye boksi la meta. Ni swichi moja, iko nje ya mlango wangu. Sikuizima. Rispa ameuliza mbona nakaa kwenye kochi la pembeni wakati kile kiti cha katikati kiko wazi. Nimesema mgongo.

Jumamosi, 23 Februari 2008

Shemeji yake Zakayo amekuja na lori dogo kuchukua vitu. Nimesaidia kubeba. Cherehani ya nyumbani, vitanda, godoro lenye vipande vya kioo cha dirisha juu yake. Vyombo vya Mama Ruthi amevipanga kwenye beseni mtu asiyevijua, vifuniko vyote vimechanganyikana.

Friji tuliichomoa mwisho. Tulipoifungua, harufu. Zile pakiti za maziwa zilikuwa zimevimba na nyingine zimepasuka. Nimepiga magoti nikaisafisha kwa Omo na maji ya moto, rafu moja moja. Shemeji alisema niache, watasafisha huko. Sikuacha.

Kisha akanishukuru. Alisema Zakayo aliwaambia hapa ana jirani mzuri. Sijui alilisema lini, kabla au baada. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 24 Februari 2008

Nimewasha saa nane. Nimengoja. Saa tisa. Saa kumi.

Hakuna tak.

Ni safi. Haijawahi kuwa safi namna hii. Nyuma ya wimbo hakuna kitu hata kidogo, mtu anavuta pumzi na unaisikia pumzi nzima. Ile sauti niliyoitafuta mwaka mzima, kwa waya, kwa mpira wa tairi, kwa blanketi, imekuja leo kwa sababu nyumba ya jirani haina mtu.

Nilizima kabla wimbo haujaisha.

Jumanne, 11 Machi 2008

Nimekuwa nikisoma nyuma kwenye daftari hili. Sikupenda, lakini nilitaka kuona tarehe ya blanketi.

Ijumaa ile. Mstari wa kwanza nimeandika kwa mkono wangu: stima imepotea tangu saa tatu asubuhi.

Meta yetu ni moja. Kwangu ikizima, kwake imezima. Zakayo alitoka kwenye nyumba isiyo na stima akaja kubisha kwenye nyumba isiyo na stima. Kisha nikamwambia nilikuwa nimefungulia muziki.

Alijua. Alijua nikiwa bado naongea. Kimya kile kwenye simu kilikuwa cha mtu anayejua. Kati ya watu wote wa Nakuru niliowadanganya, nilimchagulia uongo huu mtu mmoja ambaye hauwezi kumdanganya, na wengine wote wakaumeza.

Ghalani leo nimepima magunia ya mahindi mara mbili. Msimamizi ameuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 16 Machi 2008

Nilienda uwanja wa maonyesho. Nilibeba unga na mafuta ya kupikia. Nilifika getini. Turubai nyeupe hadi mwisho wa macho, moshi wa kuni, watoto wakicheza kandanda kati ya kamba.

Nilisimama pale robo saa hivi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Hayakuwa mengi: nilisikia, sikufungua. Kisha nikamwona mama mmoja aliyetembea kama Mama Ruthi na miguu yangu ikageuka yenyewe. Unga na mafuta nilimpa mlinzi, nikasema ni vya Zakayo fundi wa nguo. Akauliza aandike vimetoka kwa nani. Nikasema jirani.

Mwoga. Januari niliogopa vijana. Leo hapakuwa na vijana.

Jumamosi, 5 Aprili 2008

Zakayo amepiga. Wanahamia kwa wazazi wa Mama Ruthi, mbali na hapa. Jumapili ya wiki ijayo atakuja kumkabidhi mwenye ploti funguo za geti. Kisha, bila mimi kuuliza: "Nitapita kwako nisikize kidogo."

Nimesema karibu. Nimefuta vumbi kwenye spika. Nimekaza waya. Nimepima upya umbali wa kila spika hadi kitini, sawa kwa sawa. Najua ni upuuzi. Ni kitu ambacho mikono yangu inajua kufanya.

Jumapili, 13 Aprili 2008

Alikuja saa tisa. Amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Mama Ruthi na Ruthi walibaki nje ya geti kwenye gari lililowaleta. Rispa alienda kuwaita waingie wanywe chai. Mama Ruthi alimsalimia vizuri, akamuuliza Neema anaendeleaje. Hakuingia.

Zakayo alikaa kwenye kile kiti cha katikati. Nikaweka wimbo wa yule dada. Akasikiliza na uso wake ukawa kama wa mtu anayetafuta kitu. Aligeuza kichwa huku, akageuza huku. Aliinuka akakigeuza kiti, akaketi tena. Mwishoni akagusa sikio la kulia.

"Huku hakuna kitu. Daktari amesema halitarudi. Kwa hivyo huyo dada kwangu ako upande wa kushoto tu. Amehama."

Nikasema. Sikupanga kusema wakati ule. Nilisema nilisikia. Nilisema nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, na nilisikia wote watatu.

Alitazama lile blanketi lake ukutani kwa muda.

"Najua, Jose. Hakukuwa na stima." Kisha akasema, "Nilingoja uniambie siku ile kwa simu. Ningekuelewa hata siku ile. Lakini Ruthi, mpaka leo mtu akibisha mlango anaingia chini ya meza. Hiyo siwezi kukusaidia nayo."

Sikumwomba msamaha. Neno lilikuwa dogo mno na nilihofia angelipokea kwa adabu tu, kama alivyopokea ule uongo.

Niliinuka nikachomoa spika ya kulia. Nzito. Nikaibeba na waya zake na mpira wake wa tairi hadi upande wa kushoto, nikaiweka juu ya mwenzake. Haifanywi hivi. Kila kitu kinarundikana mahali pamoja, hakuna kulia wala kushoto, vyombo vyote vinapigania mlango mmoja. Lakini kilichokuwa kinapotea upande wake mfu sasa kinamfikia. Nikaanza wimbo upya.

Alifumba macho. Katikati ya wimbo akasema, "Kumbe gita ya pili bado iko." Ilikuwa upande wa kulia. Bila shaka tangu aumie hakuwa ameisikia.

Alisikiliza nyimbo tatu. Gari lilipiga honi mara moja, kwa upole. Nilitaka kumpa blanketi aende nalo. Alikataa, alisema nikilitoa ukuta utaanza kurudisha sauti. Tulishikana mikono mlangoni. Hakusema atarudi, na mimi sikumwambia arudi. Nilisimama getini hadi gari likapinda kwenye kona.

Jumatatu, 14 Aprili 2008

Nimeenda kazini. Mvua imeanza, magunia tumeyafunika mapema.

Rispa amerudi Naivasha asubuhi. Nilimweleza yote jana kabla hajalala, na habari ya stima. Leo ameondoka bila kunikumbusha kula, jambo asilosahau.

Mwenye ploti ameleta watu waione nyumba ya jirani. Kijana na mkewe. Walionekana wazuri.

Jioni nimewasha muziki. Spika zote mbili bado ziko kushoto, moja juu ya nyingine. Sauti ni mbaya. Yule dada hana mahali pa kusimama. Futi ya kupimia iko mezani. Sijazigusa.